Kadi za Mkebe wa Biskuti

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, doti moja ya kanga na hotuba tatu. Katika hotuba zote tatu nilisikia kwamba mimi ni hazina. Nimekaa maktabani miaka ishirini na saba na najua tunavyozitenda hazina zetu: tunazifungia kabatini, halafu tunapoteza ufunguo. Mliponiomba niwaandikie kidogo juu ya kazi ilivyokuwa, nilikubali kwa sharti kwamba sitasema nani alipandishwa cheo lini wala nani alilipwa vipi. Hayo yamo kwenye mafaili, kama panya hawajayamaliza. Nitaandika habari za kadi, kwa kuwa katika kazi yote niliyoifanya ni hizo tu zinazonisumbua mpaka leo.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha na viatu vya kuazima kwa dada yangu, vinavyobana. Mkuu wa maktaba wa wakati huo aliniuliza kama najua kupiga taipu. Nikasema najua. Akaniambia nipige mstari mmoja, nikapiga, akautazama ule mstari kwa muda mrefu, kisha akanipeleka chumba cha nyuma kwa Mzee Zuberi, mjalidi wa vitabu. Akamwambia, "Mfundishe huyu kuheshimu karatasi, taipu atajifunza mbele ya safari."

Mzee Zuberi alikuwa Mpemba aliyekuja Tanga kijana na miaka yote ya kazi hakurudi kwao ila kwa misiba. Mwembamba, kofia ya viua, na hakumruhusu mtu yeyote kuingia na kikombe cha chai mle ndani, hata mkuu mwenyewe. Alinifundisha kushona kurasa, kubana kitabu kwa mbao mbili na jiwe, kunoa kisu cha kukatia karatasi. Zaidi ya yote alinifundisha kupika gundi. Gundi yetu ilikuwa uji wa wanga wa muhogo, unaukoroga juu ya jiko la mafuta ya taa mpaka weupe wote unapotea. Mwisho unatia mrututu kidogo, yale mawe ya buluu yaliyouzwa madukani, umeyayeyusha kwenye maji ya moto. Mrututu ni sumu, na wadudu wanaujua kuliko sisi.

"Uji bila mrututu ni futari ya mende," aliniambia.

Nilicheka. Yeye hakucheka, akaniambia nirudie maneno hayo, nikayarudia kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Yeye ndiye aliyenionyesha mkebe. Ulikuwa mkebe wa biskuti wa bati, mkubwa, umekaa rafu ya juu kabisa chini ya ramani za mkonge. Aliuacha mwalimu mmoja wa kike wa misheni, Mwingereza, aliyekaa huku miaka mingi kabla ya uhuru. Jina lake hakuna aliyelitumia, tulimwita Bibi Mwalimu. Ndani mlikuwa na kadi za posta zaidi ya mia mbili. Nyingi alipelekewa na ndugu yake kutoka Ulaya wakati wanawake wa kwao walipokuwa wakidai kupiga kura, na nyingine zilikuwa za watu waliokuwa wakipiga vita ulevi.

Ninyi hamkuziona, kwa hiyo nawaeleza. Moja ilikuwa na mwanamume amevaa aproni, amebeba mtoto anayelia, sahani zimevunjika sakafuni, paka anakunywa maziwa mezani. Mlangoni mkewe anaondoka amevaa kofia kubwa, anakwenda mkutanoni kudai kura. Nyingine ilionyesha mwanamke mwenye kidevu kama shoka, na maneno ya kusema hao ndio wanaotaka kura kwa sababu wamekosa waume. Ziko pia za upande wa pili, wanawake waliotoka jela wamesimama wima, nguo zao safi, wanamtazama mpiga picha bila kutabasamu. Za ulevi zilikuwa za kuliza watu: mtoto amevaa nguo ya kulalia yuko mlangoni pa baa, anamwita baba arudi nyumbani. Nyoka kazunguka chupa. Kadi za kiapo, unatia sahihi kwamba hutagusa tone.

"Hayo ni matusi ya Wazungu kwa wake zao," alisema Mzee Zuberi. "Yatunze. Siku moja watakuja kuyatafuta."

Kadi moja tu ilikuwa ya hapa Tanga. Wanawake tisa wa Ngamiani, wanne wameketi mkekani, watano wamesimama nyuma, kanga zao zimepigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana. Aliyeketi katikati kaweka mikono mapajani, kidevu juu. Chini yake palichapwa maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba hao ni walevi wa Tanga waliookolewa kutoka kwenye tembo. Na nyuma palijaa mwandiko wa mkono wa Bibi Mwalimu mwenyewe, mdogo mdogo, kwenda kwa ndugu yake. Kadi haikuwahi kutumwa, haikuwa na stempu. Wakati huo sikuusoma ule mwandiko. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na mwandiko wa Kizungu wa zamani ulinitia kizunguzungu.

Mzee Zuberi macho yalimwisha akarudi Pemba. Muda si mrefu ikaja ile miaka ambayo wengi wenu mlikuwa watoto au hamjazaliwa, mnaisikia kwa wazee mkadhani wanapiga chuku. Hawapigi chuku. Sabuni ilikuwa foleni, sukari foleni, kanga foleni. Wafanyakazi wa maktaba tulitoka kwenda foleni kwa zamu, na aliyebaki mezani aliwaambia wasomaji kwamba wenzake wako kwenye kikao. Karatasi haikuwepo hata foleni yake. Wasomaji walichana kurasa nyeupe za mwanzo wa vitabu, wakaenda kuandikia barua, na sisi tulijitia hatuoni kwa sababu baadhi yetu tulikuwa tukifanya hivyo hivyo.

Mkuu wa maktaba naye alikuwa mpya. Sitamtaja jina, ana watoto na wajukuu hapa mjini na hawana kosa. Alikuwa mtu wa kuvumbua. Mtu mvivu huwezi kumwogopa, lakini mtu anayevumbua mambo kila Jumatatu ni balaa. Kadi za katalogi zilipokwisha, zile kadi ngumu tulizopiga taipu jina la kitabu na la mwandishi na kuzipanga kwenye droo, aliingia chumba cha nyuma, akatazama rafu, akanyoosha kidole kwenye mkebe.

"Kadi si hizi?" akasema.

Nikamwambia hizo ni za kumbukumbu. Akaniuliza nani amewahi kuja kuziomba. Nikasema hakuna. Akasema basi.

Sitaki mdhani nilipigania. Nililalamika siku moja, siku ya pili nikafunga mdomo, siku ya tatu nikaanza kuifurahia kazi. Ukweli ni kwamba ilikuwa kazi nzuri. Droo zetu zilitengenezwa na seremala wa hapa ambaye hakupima, zilikuwa kubwa kupita kiasi, kwa hiyo kadi za posta ziliingia bila kukatwa. Zile tupu nyuma nilizipiga taipu moja kwa moja. Zile zilizoandikwa nilizibandika karatasi juu ya mwandiko. Karatasi zenyewe zilikuwa nyaraka za zamani zilizochapwa upande mmoja, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kisha nilitoboa kila kadi tundu chini katikati kwa keekee, tundu la kupitisha ule uzi wa chuma wa droo.

Na gundi nilipika uji. Mrututu haukuwepo. Niliutafuta maduka ya barabara zote za Ngamiani, nikamwuliza na mtu mmoja wa mashamba ya korosho, akanicheka. Nikajiambia uji ni uji.

Kabla ya kubandika nilisoma kila kadi. Si kwa bidii ya kazi, ni umbea. Kiingereza changu kilikuwa kimeota meno wakati huo, na barua za watu ni tamu hata kama wamekufa. Ndipo nikausoma mwandiko wa ile kadi ya wanawake tisa. Bibi Mwalimu alimwandikia ndugu yake kwamba anaona haya. Hakuna hata mmoja katika hao wanawake aliyewahi kuonja tembo. Kilabu cha pombe kilifunguliwa karibu na nyumba zao, wakakusanyika wakaenda kwa bwana shauri, mtawala wa Kiingereza, kutaka kifungwe. Bwana shauri akawaambia mambo ya mji hayazungumzwi na wanawake, wawatume waume zao. Na waume wa nusu yao walikuwa kilabuni. Yeye akawapeleka kwa mpiga picha, akawaahidi picha itakwenda Ulaya kwa wanawake wanaodai kura ili shauri lao lisikike. Picha ikaangukia kwa wachapaji wa kadi za kuchangisha sadaka, wakatia maneno yao. Mwisho akaandika kwamba hana uso wa kwenda kuwatazama.

Nilimsomea mwenzangu wa mapokezi tukacheka sana, hasa hapo pa waume. Kisha nikapaka uji, nikabandika juu yake karatasi ya kitabu cha ufugaji bora wa kuku. Mkuu alipata barua ya pongezi kutoka juu kwa ubunifu wake. Mimi nilipata sabuni mche mmoja, na kwa miaka ile sikudhani nimepunjwa. Kadi ya yule mwanamume mwenye aproni aliiokoa Mkuu mwenyewe kabla sijaitoboa, akaitundika ofisini kwake. Kila mgeni wa kiume aliyeingia alionyeshwa, wakacheka pamoja.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Vitu vikaanza kupita mpakani Horohoro mchana kweupe, vitenge, redio, baiskeli, dawa ya meno ya kila rangi. Mabanda ya video yakafunguliwa na wasomaji wetu wakahamia huko. Tulipata karatasi, tena nyeupe pe, na hatukuwa na wa kumwandikia. Katika upepo huo ndipo alipotokea Mzungu wa kaptura.

Alikuwa mnunuzi wa kadi za zamani. Tangu lini mtu mzima anasafiri kutafuta kadi zilizokwisha kuandikwa na wengine, sijui, lakini alikuwepo, amefikia Ushongo ufukweni, anakuja mjini kila siku mbili. Alizunguka nyumba za Ngamiani akiuliza nani ana picha za kale. Alipofika kwetu Mkuu alimpa kiti chake mwenyewe. Nilipotakiwa kuleta droo mbili azione, yule Mzungu alitoa kadi moja, akatazama tundu, akafumba macho kama mtu aliyefiwa. Nilimwonea huruma kidogo, na nilimdharau pia, maana picha ya wanawake waliotoka jela aliishika kwa ncha za vidole na mimi mwenyewe hakuniamkia.

Siku chache baadaye aliingia Bi Mwanaidi. Mjukuu wake wa kike alimshusha na baiskeli pale nje, akabaki kuishika. Bi Mwanaidi alikuwa mtu wa miaka sabini na kitu, buibui lililofuliwa mpaka limekuwa la kijivu, na alitembea taratibu akitazama rafu kana kwamba anapita katikati ya watu asiowajua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe unayetunza picha?"

"Natunza vitabu, bibi."

"Picha ya mamangu imo humu. Yule Mzungu wa kaptura kaniambia mna mkebe mzima."

Nikamketisha. Akanieleza, naye hakuwa mtu wa kuzunguka. Kuna nyumba barabara ya kumi na moja walikuwa na kadi hiyo hiyo ya wanawake tisa. Baharia wao aliinunua Mombasa zamani, wakaitia fremu. Tangu Bi Mwanaidi kijana, kila wakikosana, mtoto wa nyumba ile aliyekwenda shule huisoma kwa sauti barazani. Kwenye harusi waliimbiwa mafumbo ya binti wa mlevi. Alizoea. Sasa watu waliokuja kumposa mjukuu wake wamepelekwa wakaonyeshwa fremu, na posa imerudishwa.

"Mamangu alikimbia hata togwa iliyolala ikachacha," alisema. "Alikufa mimi nina miaka sita. Sina kitu chake, sina hata kanga. Nina hayo maneno ya Kiingereza tu. Imeandikwa nini, mwanangu? Wewe umesoma, niambie kama ilivyo."

Nikamwambia kama ilivyo. Hakulia. Aliuliza kama Wazungu huandika uongo kwenye vitu vya kuuza. Nikamwambia huandika, kama sisi. Kisha nikamwambia kwamba nyuma ya kadi yetu pana maneno mengine ya aliyewapiga picha, na maneno hayo yanamsafisha mama yake. Nilisema kwa haraka, nikajipalia makaa mwenyewe. Uso wake ulifunguka namna ambayo sipendi kuikumbuka.

Kuitafuta kulichukua siku mbili, kwa kuwa sikukumbuka nimeibandika kitabu gani, na droo zilikuwa ishirini na nne. Siku ya tatu, Bi Mwanaidi keshafika, niliipata kwenye kuku. Nikamwonyesha upande wa picha kwanza. Aliitazama bila kuigusa.

"Huyu wa katikati," akasema. "Ndiye. Mwanakombo. Na hili tundu?"

Tundu lilikuwa limepita kwenye mikono aliyoilaza mapajani. Nikasema ni mimi niliyelitoboa, kwa kazi. Akanitazama, akasema, "Haya."

Nikaweka birika la chai jikoni, maji yakachemka, nikaishika kadi juu ya mvuke kama alivyonifundisha Mzee Zuberi, taratibu, kona moja kwanza. Karatasi ya kuku ikaachia vizuri. Chini yake hapakuwa na barua. Wadudu walikuwa wamekula uji, na pamoja na uji wamekula wino na ngozi ya kadi, wakaacha michirizi kama ya konokono. Miaka yote hiyo walikuwa wakifuturu mle na mimi niliwapikia. Niligeuza huku na huku kwenye mwanga. Yalibaki maneno matatu ya kusomeka: waume, tembo, na nisamehe.

"Soma," akasema Bi Mwanaidi.

Nikamsomea hayo matatu. Kisha nikamwambia mengine yote kwa kichwa, kilabu, bwana shauri, waume, ahadi ya picha. Niliyakumbuka vizuri kwa sababu niliyacheka. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipofika kwenye waume alitikisa kichwa kidogo, akasema, "Babangu, huyo." Halafu akaniomba kitu kimoja. Niyaandike hayo kwenye karatasi, ofisi ipige muhuri, awapelekee watu wa posa.

Nikapanda kwa Mkuu. Alikuwa anapekua kitabu cha bei za mashine kutoka ng'ambo. Nilimweleza. Akacheka, akaniuliza ofisi itathibitishaje kitu kilicholiwa na mende. Halafu akasema kadi zote amekwisha kumwahidi mnunuzi, naye atatuletea mashine ya fotokopi, na mnunuzi hataki maneno mapya ya makarani juu ya mali yake.

"Huyo bibi hana mtoto wa kiume?" akauliza. "Aje yeye tuzungumze."

Kadi ya mwanamume mwenye aproni ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake. Nilimdharau siku hiyo mpaka nikasikia ladha mdomoni, na bado nilisema, "Sawa, mzee," nikashuka ngazi.

Nikamwambia Bi Mwanaidi muhuri haupatikani. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwa nini.

"Basi andika wewe, mwanangu. Bila muhuri. Andika jina lako, useme ulisoma kwa macho yako. Wewe ni mtu wa hapa, nyanya yako anajulikana. Mkono wako utanitosha."

Nilikuwa nimeketi mezani, kalamu mkononi, karatasi nyeupe mbele yangu rimu nzima. Nikamwambia kazi yetu sisi ni kutunza, si kuandika. Nikamwambia ningepoteza kazi. Nikamwambia bila kadi yenyewe watu watasema nimetunga. Nilimpa sababu tatu, na mtu mwenye sababu ya kweli hutoa moja tu.

Akasimama akajitengeneza buibui. "Haya, mwanangu. Mwenyezi Mungu akuweke." Mjukuu wake alikuwa ameingia, amesimama mlangoni, na yeye hakuniaga.

Kadi zilikwenda, zote, na sehemu ile ya katalogi ikaenda nazo, maana ilikuwa migongoni mwake. Mwaka mzima tulitafuta vitabu kwa kupapasa. Mashine ya fotokopi ilikuja, ikapigwa picha, Mkuu kasimama kando yake, ikafanya kazi miezi mitatu mpaka wino wake ulipokwisha. Ndiyo ile mnayowekea maua ya plastiki. Mjukuu wa Bi Mwanaidi aliolewa baadaye Pangani na mtu asiye na habari za fremu za watu. Bi Mwanaidi mwenyewe alifariki kabla ya harusi hiyo. Nilikwenda mazikoni, nikakaa na wanawake, na nilimsikia mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba mama wa marehemu alikuwa mlevi mpaka Wazungu wakampiga picha. Niligeuka nikamtazama. Kisha nikageukia mbele tena. Nilikuwa bado mtumishi.

Sasa nafika kwenye kitabu. Mwaka wangu wa mwisho kazini tuliletewa zawadi kutoka Ulaya, kitabu cha picha za kadi, kizito kama tofali. Ndani mnashukuriwa nyote, na Mkuu wa zamani anashukuriwa kwa jina. Ukurasa mzima wamepewa wale wanawake tisa. Wameandika kwamba hao ni walevi wa Tanga waliookolewa. Wakaongeza, kwa sababu msomi haachi kitu bila kukieleza, kwamba tundu lililoko chini katikati linaonyesha kadi ilipigiliwa msumari katika baa fulani ya pwani ili kuwaonya wanywaji. Niliusoma mstari huo mara mbili. Tundu hilo nililitoboa mimi, kwa keekee, Jumatano moja, nikiwa na njaa.

Nimeambiwa mmebandika tangazo ubaoni mnamtafuta aliyechafua kitabu cha wafadhili kwa kalamu ya wino, na kwamba kuna kijana wa sekondari mnamshuku. Mwacheni. Ni mimi. Niliandika pembeni, wiki yangu ya mwisho, mchana, mlango wazi. Nimeandika kwamba wanawake hawa hawakunywa. Nimeandika walikwenda kwa bwana shauri kutaka kilabu kifungwe, wakaambiwa wawatume waume zao. Nimeandika aliyeketi katikati ni Mwanakombo, mama yake Mwanaidi wa Ngamiani, na kwamba nilisoma hayo kwa macho yangu katika mwandiko wa aliyewapeleka kupigwa picha, kabla sijaupaka uji. Nimetia jina langu kamili na la baba yangu.

Mkitaka kunidai kitabu kingine, anwani yangu mnayo. Kufuta msijaribu, mtatoboa karatasi. Ni mistari mitano na ilinichukua dakika kumi, nikiwa nimebakiza siku nne kuacha kazi na hakuna wa kunifukuza. Bi Mwanaidi aliniomba mistari hiyo hiyo akiwa hai, ameketi mbele yangu.